Lile tangazo la unga wa vidonda vya tumbo: na sisi wa farasi tuna la kusema

Ndugu Mhariri,

Shikamoo kama umenizidi, kama tuko sawa basi mambo vipi. Mi ni saisi, yaani mtunza farasi, niko huku Usa River mwaka wa kumi na nne sasa. Gazeti lenu nalisoma ila silinunui, bosi ndo ananunua, akishamaliza linashuka bandani, zamani lilikuwa la kufungia misumari ya kwato, hapo ndo na mimi nilikuwa napata kurasa zangu mbili tatu kabla hazijachanwa. Sasa wiki iliyopita nimekutana na lile tangazo la unga wa mitishamba unaotibu vidonda vya tumbo kwa binadamu, ng'ombe, mbuzi NA FARASI ndani ya siku saba. Nikacheka. Halafu kicheko kikakata, maana kopo hilo hilo lenye picha ya jani la kijani nimeshalishika kwa mikono yangu, nimemlisha farasi unga wake mwezi mzima nikijua natibu, kumbe nachelewesha.

Najua kuna atakayesema Bongo hii nani ana farasi. Ni kweli si wengi, ndorobo na ule ugonjwa wa farasi wa Afrika vimewafanya wasizoee nchi hii kama ng'ombe, lakini we toka Usa River zunguka mlima mpaka kule Siha utawakuta, wa kutembeza watalii, wa polo, wa watoto wa shule, na siku hizi hata Waswahili wenye hela zao wanafuga. Na kila farasi ana mtu anayemlisha, na huyo mtu mara nyingi ni mwenzangu na mie ambaye hakusomea, amejifunza kwa kuangalia, akiletewa kopo na bosi akaambiwa weka vijiko viwili anaweka vijiko viwili. Kwa hiyo hii barua naiandika kwa ajili ya hao hasa, mabosi wakisoma sawa, wasiposoma pia sawa.

Farasi wangu niliyeuguza anaitwa Sukari. Jike, rangi ya kahawia, kilo kama mia nne hivi, alikuja toka Kenya kwa ajili ya polo halafu akaishia kutembeza wageni. Jina Sukari na tabia zilikuwa zinaendana mpaka mwaka juzi. Akaanza vitu vidogo vidogo, pumba zake anaramba mdomo mmoja, anaacha, anaenda kwenye maji, anarudi ananusa, anaenda kusimama kona. Majani anakula, pumba anaacha. Manyoya yakasimama kama ya mbuzi aliyenyeshewa. Anapiga miayo hovyo, anasaga meno, we uko nje ya banda unasikia kabisa krr krr. Na ukimfunga mkanda wa tandiko ndo balaa, shingo inageuka kama nyoka, siku moja alinishika bega la ovaroli akaondoka na kitambaa, shukuru Mungu haikuwa nyama. Bosi akasema huyu ameota kiburi. Akaletwa mtu wa kumnyoosha, na fimbo yake. Mhariri, tulimchapa mgonjwa. Wiki mbili nzima tulimchapa mgonjwa, mpaka leo nikikumbuka najisikia vibaya.

Baadaye ndo tukaanza kufikiria tumbo. Minyoo tulishampa dawa, meno yakaangaliwa na kusagwa pale palipokuwa na ncha, damu ikapimwa vimelea vya ndorobo havikuonekana. Sasa hapo kila mtu ni daktari. Mama wa genge getini akasema juisi ya kabichi, yeye ndo ilimtoa kwenye vidonda. Chalii wa bodaboda akasema mwarobaini. Mke wangu Mchaga, kwake ugonjwa wowote wa tumbo dawa yake ni ndizi, akasema saga ndizi mbichi kavu nikupikie uji, akaongezea na mtori kwa ajili yangu mwenyewe. Mzee mmoja Mmeru anayetuletea samadi, no, anayechukua samadi, akasema shubiri. Na kuna mpumbavu mmoja akasema tungekuwa 2011 tungempandisha Sukari kwenye lori twende Loliondo akanywe kikombe cha Babu kwa shilingi 500, tukacheka wote, lakini ukweli ni kwamba yote tuliyofanya baada ya hapo hayakuwa na tofauti kubwa na safari hiyo ya Samunge kijijini kwa Babu.

Kabichi kwanza tuitoe barabarani. Kwa binadamu sijui, ila farasi ukimpa kabichi nyingi anajaa gesi, na farasi hana uwezo wa kutapika wala kucheua kama ng'ombe, kikiingia kimeingia, kwa hiyo gesi kwake inaweza kuwa koliki, yaani maumivu makali ya tumbo, usiku kucha mnamzungusha uwanjani. Tulimpa siku mbili tukaacha.

Ndo likaja kopo. Elfu sitini na tano, siku kumi limeisha. Nililisoma lote, hakuna palipoandikwa kuna nini ndani, hakuna namba ya usajili, kuna neno asilia tu limerudiwa kama mara sita. Linanukia tangawizi. Siku saba zikapita, bosi akasema labda farasi ni mkubwa tumpe mara mbili. Makopo yakawa manne, hakuna kitu, mbavu tunazihesabu kwa macho.

Kisha mtu akamwambia bosi dawa ni omeprazoli, ile ya kupunguza asidi ya tumbo, zile kapsuli za watu. Hii nayo niseme maana najua kuna wenzangu wanafanya mpaka leo. Kipimo cha kutibu farasi ni miligramu 4 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Kilo mia nne piga mara nne ni 1,600. Kapsuli ya duka la dawa ni miligramu 20. Yaani kapsuli themanini kwa siku! Mi nilikuwa namfungulia kumi. Na sio hivyo tu, mi kwa akili yangu nikaona zile punje nyeupe ndani ya kapsuli ni ngumu hatazisaga, nikachukua kinu cha kitunguu saumu nikazitwanga zikawa unga laini kabisa, nikachanganya na molasesi. Kumbe ile dawa ikikutana na asidi ya tumbo inaharibika, zile punje zimepakwa ngozi makusudi ili zipite salama, mi nimekaa na mchi wangu nabomoa hiyo ngozi kwa bidii. Daktari aliponiambia nilitamani ardhi ipasuke.

Huyo daktari alikuja toka Nairobi na kamera yake, huwezi kujua vidonda vya tumbo vya farasi kwa uhakika bila kuingiza kamera, mengine yote ni kubahatisha. Mpira wake una urefu kama mita tatu, unapita puani. Sukari alilala na njaa toka jana yake ili tumbo liwe tupu, akapigwa sindano ya kumlegeza, mi nikashika kichwa. Kwenye kioo kidogo nikaona tumbo la farasi niliyemlisha miaka yote hiyo. Sehemu ya juu ni nyeupe nyeupe kama utumbo uliooshwa wa kuuza supu, ya chini ni nyekundu inateleza, na katikati kuna mstari umepita kama ukingo wa bwawa. Pembeni ya huo mstari upande wa juu palikuwa pamechimbika, pana wekundu mbichi na ukoko wa njano, si pamoja, pengi. Daraja la 3 kati ya 4, daktari akasema. Nikamwambia dokta samahani ni mimi nafunga huu mkanda kila asubuhi.

Alinieleza vizuri kuliko mtu yeyote, na kwa kuwa hakuna aliyewahi kunieleza hivyo naomba niwaeleze na wengine. Tumbo la farasi ni dogo, lita nane mpaka kumi na tano tu, mnyama wote ule. Mungu alimuumba atembee anakula kidogo kidogo, masaa kama kumi na sita kwa siku. Kwa hiyo asidi yake haina swichi, inatoka usiku na mchana awe anakula awe hali. Kinachoipoza ni mate, na mate ya farasi hayatoki kwa kuona chakula wala kwa kunusa, yanatoka anapotafuna tu. Akiwa anatafuna majani siku nzima anatoa mate kama ndoo mbili za lita ishirini. Kilo moja ya majani makavu anaitafuna mara elfu tatu na kitu, kilo moja ya nafaka mara kama elfu moja hivi kashameza. Nilikaa siku moja Jumapili nikamhesabia kwa robo kilo, niliishia mia saba na ishirini nikapotea hesabu simu ilipoita, ila nimeamini.

Sasa ile sehemu ya chini nyekundu ina ute wa kujikinga. Ya juu nyeupe haina kitu. Farasi akiwa na njaa halafu ukampanda akakimbia, tumbo linabanwa, asidi inaruka juu, ni kama dumu lililojaa nusu ulilofunga nyuma ya bodaboda barabara ya vumbi, kila shimo maji yanapiga kifuniko. Ndo maana wa mashindano, wale wa kukimbizwa, wengi wao wanavyo. Na sisi kila asubuhi tulikuwa tunawapanda kabla hawajala eti tumbo liwe jepesi.

Na kuna kitu kingine. Sukari mwaka huo alichechemea, akapewa ile dawa ya maumivu tunayoita byuti, ikasahaulika kusimamishwa, wiki zikaenda. Dawa za namna hiyo zinapunguza ule ute unaolinda tumbo. Kwa hiyo njaa, pumba nyingi, mbio za tumbo tupu, byuti, na kufungiwa bandani peke yake. Baada ya hayo yote tukamnunulia unga wa tangawizi.

Watu wananiuliza mbona binadamu anatibiwa kwa antibayotiki anapona. Binadamu wengi wana yule mdudu pailori, bakteria anayeleta vidonda vya tumbo, waliomgundua ni Waaustralia wawili, Barry Marshall na Robin Warren, wakapewa tuzo ya Nobel 2005. Kwa farasi huyo mdudu hajathibitishwa kuwa ndo chanzo. Kwa hiyo dawa iliyomtoa mama wa genge, iwe ya hospitali iwe ya shambani, usiihamishe moja kwa moja ukamnywesha farasi, ugonjwa una jina moja ila chanzo mbalimbali.

Sukari alitibiwa na omeprazoli ya farasi, ile ya kusukumwa mdomoni kama dawa ya meno, siku 28, asubuhi akiwa hajala, unasubiri nusu saa mpaka saa nzima ndo unampa majani. Mwishoni tukaipunguza taratibu, ukiikata ghafla asidi inarudi na hasira. Kamera ikarudi, pale palipochimbika pamefunga. Akarudi kuwa Sukari.

Sasa hapa ndo Mhariri nataka unisikilize. Baada ya dawa kuisha bosi akasema haya sasa amepona turudi ratiba yetu. Ratiba yetu ni hii, majani ya mwisho saa kumi na moja jioni, taa zinazimwa, mlinzi anafunga, asubuhi saa moja ndo mtu anafungua. Yale majani ya jioni ukiyatazama saa mbili usiku yameshaisha. Piga hesabu, masaa karibu kumi na moja asidi inachuruzika kwenye tumbo tupu. Wiki ya sita nikaona pumba zimebaki kwenye beseni. Nikamwambia bosi kamera ya nini tena, mi natosha, tumpe majani usiku. Akasema majani ni ghali. Akaenda akanunua kopo, lile lile.

Nikachukua kalamu. Kopo elfu sitini na tano, siku kumi, mwezi makopo matatu, laki moja tisini na tano. Robota la hei, yaani majani makavu, ya Rodesi pale tunaponunua elfu nane, lina kilo kama kumi na tano, usiku mmoja Sukari anahitaji kilo nne za ziada, kwa hiyo robota linakwenda karibu siku nne, mwezi marobota manane, elfu sitini na nne. Mwezi mzima wa majani ya usiku ni rahisi kuliko kopo moja kwa buku moja. Nikampa karatasi. Alikaa nayo siku mbili hajasema kitu, siku ya tatu lori la hei likaingia. Sijawahi kuongea naye tena kuhusu hilo, na sina haja.

Hiyo ndo dawa yangu ya asili namba moja na namba mbili na namba tatu. Farasi apate kwa siku majani makavu si chini ya kilo moja na nusu kwa kila kilo mia za uzito wake, mbili ni bora zaidi, yaani wa kilo mia nne apate sita mpaka nane, na yagawanywe ili asikae masaa zaidi ya matano sita mdomo mtupu. Tulishona neti yenye matundu madogo ili asimalize haraka, ya kwanza tulishona kwa kamba za katani akaila neti yenyewe, ya pili ya kamba za nailoni ipo mpaka leo. Mlinzi anaongeza saa tatu usiku, na saa kumi alfajiri akiwa hajasinzia.

Vingine vyote vinakuja baada ya hapo. Sisemi havifai.

Lusini, yale majani ya mifugo wengine wanayaita alfalfa, inafaa sana, ina kalsiamu na protini nyingi vinavyopoza asidi, tunampa konzi mbili za mkono dakika kama ishirini kabla ya kutandikwa ili tumbo liwe na kitu cha kulalia asidi isiruke. Lakini naomba herufi ziangaliwe! Tulimtuma kijana mpya akanunue lusini, akarudi na furushi la lusina, kwa sababu muuzaji kamwambia ni hiyo hiyo, ng'ombe wa maziwa wote Tengeru wanakula. Mi nilikuwa likizo nyumbani kwa wakwe Moshi. Narudi baada ya wiki tatu nakuta farasi wawili manyoya ya shingoni yanatoka ukiyashika, mkia umebaki kama mjeledi. Lusina ni ule mti wenye majani madogo madogo kama ya mkwaju na maganda bapa, ina sumu inaitwa mimosini, ng'ombe kidogo anaivumilia, farasi inamnyonyoa. Lusini ni jani la chini, majani matatu matatu, maua ya zambarau. Usinunue kwa jina, nunua kwa macho. Manyoya yaliota tena ila miezi, na wageni walikuwa wanauliza mbona farasi wenu wamenyolewa.

Shubiri ya yule mzee nayo sikuidharau, mpaka daktari nilimuuliza. Akasema Australia walishaipima, farasi kundi moja wakapewa maji ya ndani ya shubiri kundi jingine omeprazoli, mwezi mmoja, halafu wote wakaangaliwa kwa kamera. Wa omeprazoli karibu robo tatu walipona kabisa. Wa shubiri zaidi ya nusu walipata nafuu, ila waliopona kabisa hata mmoja kwa watano hawafiki. Kwa hiyo si uongo kwamba inasaidia, ni uongo kusema inatibu kama dawa. Na ukitumia jua unatumia nini. Ukikata jani la shubiri kuna utomvu wa njano unachuruzika kwenye ngozi, mchungu kweli kweli, huo ni wa kuharisha, farasi akiharisha na tumbo linaumwa umemuongezea kesi. Yule mzee wa Kimeru hajaenda Australia lakini alinifundisha jambo hilo hilo, majani unayasimamisha kwenye ndoo mkato ukiwa chini usiku kucha, asubuhi ule unjano umeshuka wote, ndo unamenya unachukua ile nyama nyeupe inayoteleza peke yake. Yule mzee angekuwa na kopo lake ningenunua.

Magadi. Hapa najua nagusa watu. Wengi wanasema weka magadi kidogo kwenye maji, asidi inakufa. Inakufa kweli, kwa muda mfupi, halafu inarudi pale pale, ungetakiwa uamke kila baada ya masaa mawili umpe. Hata chokaa na dawa za maji za kiungulia ni hivyo hivyo. Lakini magadi yetu haya ya kienyeji ya kutoka huko ukanda wa Natron yana kingine, yana floraidi nyingi. Na sisi watu wa Arumeru tusidanganyane, maji yetu tayari yana floraidi, Maji ya Chai pale ni jirani zangu, angalia meno ya watu waliokulia huku, angalia yangu, serikali mpaka imeweka kituo Ngurdoto cha kutafiti namna ya kuitoa kwenye maji. Floraidi inayoharibu meno na mifupa ya mtoto haimwachi farasi. Sasa huyo anayekunywa maji ya huku halafu unamwekea na magadi kila siku unamtibu tumbo unamharibu miguu. Mi magadi nimebaki nayo kwenye maharage.

Siki ya tufaa wanayoisifia wazungu, hapana, unatia asidi juu ya kidonda. Chumvi za mazoezi, zile nzito anazopewa farasi aliyetoka jasho, za kusukuma mdomoni akiwa na njaa, nazo zinachokonoa, changanya kwenye chakula au maji. Mafuta ya mahindi kijiko kikubwa mara tatu juu ya pumba, haya kuna waliopima kwa farasi wadogo wakaona asidi imepungua, wengine wakapima hawakuona kitu, mi naweka kwa sababu yanaongeza mwili na pumba unaweza kupunguza, na pumba za mahindi zenye wanga mwingi ukizipunguza umeshafanya jambo. Mbegu za kitani zinachemshwa kwanza mpaka zivute kama bamia, usimpe zilizolowekwa tu maji ya baridi. Uji wa ndizi wa mke wangu, sijaona ubaya wake wala faida, Sukari aliupenda, nami niliulipia kwa kusifu.

Kitu kimoja ambacho hakiuzwi na hakuna atakayekiwekea tangazo, ni mwenzake. Farasi akifungiwa peke yake roho haitulii na tumbo linaumia. Tulitoboa ukuta wa mbao kati ya Sukari na dume mmoja mzee aliyehasiwa, tundu la kupitisha pua tu. Wanasimama pua kwa pua usiku kucha neti zao pembeni. Kusaga meno kuliisha kabla hata neti ya nailoni haijaisha kushonwa.

Na wenye punda msijione hamhusiki, punda naye anapata vidonda vya tumbo, tofauti ni kwamba punda hapigi kelele. Anabeba maji toka asubuhi mdomo umefungwa kamba, jioni anatupiwa mabua, mwenyewe unasema punda hafi haumwi.

Ombi langu kwako Mhariri ni dogo, matangazo ni hela naelewa, lakini linapokuja tangazo linalosema linatibu mnyama fulani ndani ya siku fulani, mpigieni hata daktari wa mifugo mmoja wa wilaya mumuulize. Na likikosa kusema ndani kuna nini, mjue aliyeandika hataki mjue. Sisi huku hatuna kamera, tunaamini kilichoandikwa gazetini, na bosi wangu kopo la kwanza alilinunua akiwa ameshika gazeti.

Moja ya yale makopo bado ninalo, gumu, mfuniko wake unabana vizuri. Naweka misumari ya kwato. Ndo maana siku hizi gazeti lenu linanifikia zima.

Saisi,
Usa River, Arusha